TAHADHARI: Camaro Z/28 ya 1969 "iliyoko Arizona", na trela ambalo halikuwahi kuja

Ndugu zangu, hasa mlioko Marekani na mnaopenda magari ya zamani, someni hili kabla hamjatuma hata senti moja.

Kuna gari la Chevrolet, Camaro Z/28 ya mwaka 1969, inayotangazwa kwenye magrupu ya magari ya mashindano. Ni ya rangi ya chungwa, ina mistari miwili myeusi kwenye boneti, namba mlangoni ndani ya duara jeupe, na ndani imefungwa kizimba cha mabomba ya chuma. Muuzaji anasema iko Arizona, aliikimbiza mwenyewe miaka ya sabini, sasa amestaafu na mkewe anaumwa. Anataka dola 62,000. Mtu huyo hana gari. Picha ni za gari la mtu mwingine, karatasi ni za kughushi, na "kampuni ya usafirishaji" anayokuelekeza ni yeye mwenyewe au wenzake. Sisi watu wanne ametutapeli dola 31,400. Zimerudi 14,300 tu.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Ohio, naendesha lori. Wenzangu nao ni madereva, mmoja wa Nakuru na wawili wa Bukavu. Tulichanga miaka mitatu. Marehemu baba alikuwa fundi, na hadi anafariki alikuwa akisimulia Datsun 240Z ilivyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973. Mapenzi ya magari nimeyarithi kwake. Nilipofika huku nikakuta wenyeji nao wana yao: yale magari ya Kimarekani ya nguvu, milango miwili, injini ya V8, mngurumo unaousikia kifuani. Tulitaka moja la mashindano hasa, tulipeleke Mid-Ohio, uwanja wa pale Lexington ambako mbio za Trans-Am zilipita mwaka 1969, tulikimbize kwenye mbio za magari ya zamani. Hiyo ndiyo ndoto aliyoichezea huyu bwana.

Lazima nieleze gari lenyewe kidogo, maana utapeli wake umejengwa juu ya jambo ambalo wengi hatulijui. Trans-Am, mfululizo wa mbio za magari wa Marekani, ilianza 1966, na kanuni zake ziliweka kikomo cha injini, inchi za ujazo 305, yaani lita 5. Chevrolet wakachukua bloku ya injini yao ya 327, wakaitia kranki ya 283, wakapata injini ya 302 inayoingia ndani ya kikomo. Hiyo ndiyo Z/28. Mwaka 1967 zilitoka 602 tu. Mark Donohue alichukua ubingwa wa 1968 na 1969 akiendesha Camaro za timu ya Roger Penske. Ndiyo maana Z/28 yenye historia ya Trans-Am iliyothibitishwa huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Za 1969 zilitengenezwa zaidi ya 20,000, kwa hiyo iliyokimbizwa kwenye mbio za mikoani tu kwa 62,000 haikutushtua. Ilionekana ni bei ya mtu mwenye shida, si bei ya mwizi.

Sasa sikilizeni. Namba ya chesisi ya Camaro ya 1969 haikuambii kama gari ni Z/28. Inaanza na 12437 kwa kila Camaro yenye V8 na paa la kudumu, iwe ya mashindano au ya mwalimu wa shule. Inayofuata, 9, ni mwaka. N ni kiwanda cha Norwood hapa Ohio, L ni kile cha Los Angeles. Basi. Jumla ni tarakimu na herufi 13, kwa sababu mfumo wa 17 ulianza 1981. Zile huduma za mtandaoni za kukagua historia ya gari hushika magari ya 1981 kuja juu. Kwa hiyo ukiingiza namba ya gari la zamani, hupati kitu, na tapeli anakwambia kwa utulivu kabisa, "Magari haya ndivyo yalivyo." Na hapo anasema kweli! Ndipo ubaya ulipo.

Alitutumia picha ya kibao cha namba kilichoko juu ya dashibodi, kinachoonekana kupitia kioo cha mbele. Nilikikuza kwenye simu nikasoma namba, nikaridhika. Wiki tatu baadaye, tukiwa tumeshalia, fundi mmoja mzee wa Dayton aliichukua simu yangu, akaitazama picha ileile kwa sekunde tano, akaweka kidole kwenye ncha ya kibao. "Tazama ribiti," akasema. Kiwandani walikifunga kibao hicho kwa ribiti ambazo kichwa chake kina umbo la ua, petali sita. Kwenye picha yetu zilikuwa ribiti za duara za kawaida, zile unazonunua dukani kwa pakiti. Kwa maneno mengine, hata gari la kwenye ile picha kibao chake kimechezewa, na kuhamisha au kughushi namba hiyo ni jinai chini ya sheria ya shirikisho. Nilikuwa na picha ile wiki nzima kabla ya kulipa.

Fundi yule alinionyesha mengine. Sehemu ya namba ya chesisi imepigwa chapa pia kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini, imefichwa na boksi la hita, na mahali pengine chini ya paneli ya kuingizia hewa mbele ya kioo. Anayeuza gari halisi hasiti kukufungulia huko. Injini ya Z/28 ya 1969 ina herufi DZ mwisho wa chapa iliyopo mbele ya bloku, upande wa abiria. Kile kibati cha kwenye ukuta wa injini chenye maandishi ya X33 au X77, alama za Z/28, kinauzwa kipya siku hizi, kwa hiyo peke yake si ushahidi. Muuzaji wetu alijisifu kwamba gari bado lina injini yake ya kiwandani. Mzee akanitazama tu, akauliza, "Lilikimbizwa miaka mingapi?" Nikasema minane. Akasema gari lililokimbizwa miaka minane linakuwa limeshapasua injini mbili au tatu. Ukiambiwa ya kwanza ipo, hapo ndipo uongeze maswali. Sisi tulisikia hilo tukafurahi.

Kuhusu karatasi. Wakenya mnaita logbuku kile ambacho sisi Watanzania tunaita kadi ya gari. Kwenye mbio za huku, logbuku ni kitu kingine kabisa: ni daftari la ukaguzi la SCCA, chama cha mbio za magari cha Marekani, lenye kumbukumbu za gari kupita kwa wakaguzi mbio hadi mbio. Haikupi umiliki. Magari mengi ya mashindano hayana hati ya umiliki kwa sababu hayakuwahi kwenda barabarani, huuzwa kwa mkataba wa mauzo tu, na hilo si uhalifu. Lakini tapeli anaipenda nafasi hiyo. Alipotuma picha nne za kurasa za daftari, ndugu yetu wa Nakuru alisikia neno logbuku akaona mambo yamekamilika. Nilizirudia kurasa zile baadaye. Viwanja vinne tofauti, miaka mitatu tofauti, sahihi nne za wakaguzi. Mwandiko mmoja. Hata herufi g ina mkia uleule uliokunjwa kushoto.

Tulijaribu kukagua, msidhani hatukujaribu. Kuna kijana wa kwetu anaishi Phoenix, tukamwomba aende akaone. Muuzaji alikubali haraka, wala hakubishana. Siku ya kwenda, mke amelazwa. Siku ya pili, ghala limefungwa na bima ya mwenye ghala hairuhusu wageni mpaka Jumatatu. Jumapili usiku akapiga simu kwa sauti ya huzuni: kuna mtu wa Texas anataka kulipa yote kesho, lakini "nyie vijana mna moyo, napenda lichukuliwe na watu watakaolikimbiza." Tukatuma arubuni, dola 6,000, kwa uhamisho wa benki. Nikumbushe tu kwamba kwa Ford, kuanzia za 1967, unaweza kuagiza Marti Report inayotokana na kumbukumbu za kiwanda. Kwa Chevrolet zilizouzwa Marekani, General Motors hawana kumbukumbu kama hizo za kukupa. Macho ya mtu wako juu ya chuma ndiyo ushahidi. Hakuna mtu, hakuna malipo.

Sasa usafirishaji, ambao ni kazi yangu mimi mwenyewe, na ndiyo inayoniuma zaidi.

Alisema gari haliendi barabarani, halina taa, linahitaji trela lililofungwa lenye winchi. Yote sahihi kwa gari la namna hii. Akasema ana kampuni anayoiamini inayobeba magari ya mashindano, dola 2,400 mpaka Ohio. Tukalipa. Kisha akaleta "kampuni ya kati" ya kushika fedha: tuweke 23,000 huko, atalipwa gari likifika, salio tumpe mkononi. Tovuti ilikuwa nzuri, ina namba ya mteja, ina kijana wa kujibu maswali usiku na mchana. Tukaweka Alhamisi. Ijumaa tukapokea picha ya Camaro ikiwa imefungwa mikanda ndani ya trela, pamoja na hati ya shehena yenye namba za usajili, USDOT na MC. Tulishangilia kama watoto.

Jumatano halijafika. Dereva hapokei simu. Mimi hukabidhiwa hati za shehena kila siku ya Mungu, na ndipo nikafanya jambo ambalo lilipaswa kufanywa siku ya kwanza: nikaingiza ile namba ya USDOT kwenye tovuti ya FMCSA, idara ya serikali inayosimamia kampuni za malori. Kampuni ikatokea, ya kweli, yenye leseni hai. Nikashuka hadi sehemu ya aina za mizigo. Alama ya X ilikuwa kwenye vyakula vya baridi na mazao mabichi. Kwenye magari hakuna kitu. Nikapiga simu iliyoandikwa pale serikalini, si ile ya kwenye hati. Akapokea mama mmoja. Akasema wana matrela ya friji saba, hawajawahi kubeba gari, na mimi ni mtu wa tatu kumpigia. Namba zao zimeibiwa. Nikakaa chini kwenye ngazi ya lori.

Kwa hiyo nawaomba, msafirishaji mtafute wenyewe. Asichaguliwe na muuzaji hata kama ni mchungaji. Jueni kama mnaongea na dalali au na mwenye lori, maana hapa ni leseni mbili tofauti. Dalali anatakiwa awe na dhamana ya dola 75,000, na mwenye lori hakikisheni ana bima ya mzigo. Itafuteni kampuni FMCSA, tazameni aina ya mizigo, kisha pigeni simu iliyoko kwenye rekodi hiyo. Mwambieni msafirishaji cheti cha bima hiyo kitumwe kwenu moja kwa moja kutoka ofisi ya bima. Na kampuni ya kushika fedha msiifungue kupitia kiungo mlichotumiwa. Anayetaka kulipeleka gari nyumbani ajue pia kwamba forodha ya Marekani inataka hati halisi ya umiliki saa 72 kabla gari halijapakiwa melini, na Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. "Nitakusaidia kulipitisha" ni mlango mwingine wa wizi.

Ukishatuma na ukashtuka, usilale nalo. Nilipiga benki saa ileile nikataka uhamisho urudishwe, nikaandika taarifa kwa FBI kupitia IC3, kituo chao cha kuripoti uhalifu wa mtandaoni, nikawapelekea benki namba ya taarifa. Ule wa Alhamisi ulikuwa haujatolewa wote, ndiyo hizo 14,300. Ile arubuni ya kwanza ilikuwa imekwisha zamani. Mwenzetu mmoja alitaka tusubiri mpaka Jumamosi, kwa kuona haya. Tungesubiri, tusingepata kitu.

Tangazo limerudi Jumanne hii. Gari sasa liko Nevada, bei 58,000, muuzaji ana jina jingine na ni mjane. Rangi wameibadilisha kwa kompyuta kuwa buluu. Lakini tazameni sakafu. Kwenye picha ya pili, chini ya gurudumu la mbele la kushoto, kuna doa la oili lenye umbo la kiatu cha mtoto, na ufa mrefu kwenye saruji unaolikata katikati kuelekea kwenye kabati jekundu la spana. Hilo doa ni lilelile. Ukiliona, chukua nakala ya skrini yenye tarehe, liripoti kwa msimamizi wa grupu, na unitumie, maana mpelelezi anayeshughulikia faili letu ameomba kila tangazo litakalopatikana.