Uzoefu wangu na tiba ya mazungumzo: ustadi niliouona kwa mwanasaikolojia wangu

Nilipelekwa kwa mwanasaikolojia na daktari, baada ya vipimo vya moyo kuonyesha kwamba sina tatizo. Kilichokuwa kinanisumbua ni hofu ya ghafla: moyo kwenda mbio, vidole kufa ganzi, na hakika moyoni kwamba nakufa. Kabla ya hapo niliwahi kwenda kwa mshauri aliyenipa mawaidha mwanzo hadi mwisho. Yalikuwa mawaidha mazuri, ila hofu ilibaki palepale.

Huyu wa pili alianza kwa kunieleza usiri na mipaka yake: nitakayosema yatabaki baina yetu, isipokuwa maisha yangu au ya mwingine yakiwa hatarini. Kila kikao nilijaza dodoso la GAD-7, la kupima wasiwasi, lenye maswali 7 na alama kuanzia 0 hadi 21 (zikipanda, wasiwasi umezidi), tukaangalia pamoja kama kuna kinachobadilika.

Kisha akanifundisha kinachotokea mwilini. Ukiogopa unapumua haraka mno, kaboni dayoksaidi inapungua kwenye damu, na ndipo ganzi na kizunguzungu huja. Ukidhani hayo ni mauti, hofu inazidi. Kwa hiyo tulizileta dalili zenyewe kwa makusudi: kupumua haraka, kupumua kwa mrija mwembamba, kuzunguka kwenye kiti. Kila zoezi alilifanya yeye kwanza, mbele yangu. Lengo halikuwa kunituliza. Alitaka nibaki na kizunguzungu mpaka nione mwenyewe kwamba hakiui. Hata chupa ya maji niliyozoea kutembea nayo kama kinga aliniomba niiache, na hilo lilikuwa gumu kuliko kiti.

Lakini ninachomsifia zaidi ni jambo jingine. Siku moja nilimtaja marehemu baba yangu, naye akanirudisha upesi kwenye fomu ya mazoezi. Nikanywea, nikawa najibu kwa neno mojamoja. Kikao kilichofuata alianza yeye: “Ulipomtaja baba yako nilikukimbiza. Naona nilikuacha peke yako. Ulijisikiaje?” Nikamwambia iliniuma. Hakujitetea. Kikao kizima tulizungumza juu ya baba, na humo ndimo tulimogundua kwamba hofu yangu ilianza baada ya msiba.

Tulipokaribia kumaliza tiba nilimuuliza alijuaje kwamba niliumia siku ile. Akasema majibu yangu mafupi yalimshtua, akalipeleka suala kwa mtaalamu anayemsimamia, bila kutaja jina langu. Akanieleza kwamba mwanasaikolojia Edward Bordin, mwaka 1979, aliugawa ushirika wa mtaalamu na mteja katika mambo matatu: kukubaliana malengo, kukubaliana kazi za kufanya, na kuaminiana. Lengo letu lilikuwa moja, ila siku ile kazi aliyoichagua yeye haikuwa niliyoihitaji mimi, na imani ikatikisika. Kwa upande wake, alisema, kazi ngumu ni kushika mpango huku macho yakibaki kwa mtu. Na ule ukimya wake, ambao mwanzoni niliudhania ubaridi, kumbe alikuwa anajizuia asiwahi kunijibia.

Kasoro zipo. Dakika 50 huisha ukiwa ndiyo kwanza umefunguka, na mazoezi ya nyumbani yanachosha mtu anayefanya kazi. Pia hapokei ujumbe kati ya kikao na kikao. Nilichukia kanuni hiyo, ingawa ndiyo iliyonilazimisha kujaribu mwenyewe kwanza.

Alama zangu zimeshuka sana, na hofu ikija sasa naitambua. Ningempendekeza kwa yeyote mwenye hofu ya aina hii, mradi awe tayari kufanya mazoezi yasiyopendeza. Unapochagua mtaalamu, muulize kikao cha kwanza: nikiona hatuendi vizuri, nikwambieje, na wewe utafanya nini? Wangu alijibu bila kusita, na baadaye akafanya hivyohivyo.