Ruzuku ya ubunifu nimeipata, risiti ndizo zimenitoa roho

"Dada, hii ni risiti au karatasi ya kufungia maandazi?"

Ndivyo nilivyoambiwa dirishani, foleni nzima inasikia, na kijana ambaye angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Jina la ofisi hiyo ya ruzuku silitaji. Awamu ya pili ya fedha zangu bado wameishika wao, na mimi si mjinga. Lakini kunyamaza kabisa nimeshindwa.

Niwape kwanza haki yao. Ruzuku ya serikali kwa wabunifu wadogo ipo, si porojo, na awamu ya kwanza niliiona kwenye simu kwa macho yangu. Huku mtaani watu wanaichanganya na asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ile ya nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ile ni mkopo. Haina riba, sawa, lakini unarudisha. Hii hurudishi hata senti, ila kila senti uoneshe ilikokwenda, na hapo ndipo penye kazi.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, karakana yangu iko Uyole, Mbeya, upande wa njia ya Tukuyu. Nimetengeneza mashine ya kuchambua parachichi kwa ukubwa. Mnaouza parachichi aina ya Hass mnaijua kero yenyewe: boksi la kwenda nje ni kilo 4, na saizi ni idadi ya matunda yanayoingia humo, kwa hiyo saizi 12 ni madude makubwa na saizi 24 ni madogo. Akina mama wanachambua kwa jicho. Ikifika jioni jicho limechoka, saizi zinachanganyika, mnunuzi anakata bei. Mashine yangu inapitisha tunda juu ya rola mbili zinazozunguka, zinazoachana taratibu kadiri unavyokwenda mbele. Dogo linadondoka mapema, kubwa linaendelea na safari, na chini nimelaza sponji lisichubuke.

Mota ni ya nguvu ya nusu farasi. Cheni na spoketi ni za pikipiki chakavu, na nilifanya hivyo makusudi. Mzee mmoja alitumwa kuja kukagua kabla sijapewa chochote. Alichuchumaa, akaingiza matunda moja moja, akawa anayaokota kule chini na kuyapima kwa kiganja. Akaniuliza kwa nini sikuweka cheni mpya ya kiwandani. Nikamwambia, mzee wangu, cheni ya mama wa Kiwira ikikatika msimu umechanganya ataagiza wapi? Ya bodaboda ipo kila kijiweni. Akacheka, akaandika muda mrefu, akaondoka na "ndaga fijo" yake, asante sana ya Kinyakyusa. Baadaye nikasikia kwamba hiyo cheni ndiyo iliyonipandisha alama.

Sasa tusikilizane. Cheni iliyonipandisha alama ndiyo hiyo hiyo iliyonikwamisha.

Muuza skrepa wa Mwanjelwa hana mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti zinazotambuliwa na TRA, watu wa kodi. Zimekuwepo nchini tangu 2010, lakini mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayajafika kiwango sheria haimlazimishi kuwa nayo. Huyu wangu anakalia ndoo, ana daftari la madeni, basi. Akachana ukurasa, akaniandikia vizuri tu: cheni moja, spoketi mbili, bei, tarehe, namba ya simu, sahihi. Ndiyo hiyo karatasi ya maandazi.

"Bila EFD mfumo haupokei," kijana akasema. Nikamuuliza, mfumo au wewe? Akafunga dirisha akaenda kunywa chai. Tangu hapo ni njoo kesho. Kesho mtandao uko chini, keshokutwa bosi yuko safarini, na nauli ya kutoka Uyole hairudishwi na ruzuku yoyote.

Kwenye semina ya ufunguzi walitusifia mpango wa Marekani wa ruzuku za ubunifu, kwamba wenzetu wana sheria yake tangu 1982, kampuni ndogo inapewa kwanza fedha za kujaribu wazo, likionesha uhai ndiyo zinakuja nyingi zaidi za kuliendeleza, na serikali haichukui hisa. Nikapiga makofi na mimi. Hawakusema kama Mmarekani naye anatumwa akadai EFD kwa mtu aliyekalia ndoo.

Nilishaanza kupoa, hata nilitaka kuandika kwamba ndiyo taratibu, fedha za umma lazima zilindwe. Kisha dada mmoja wa ofisi hiyo hiyo akanivuta koridoni akaninong'oneza: kumbe ipo fomu! Fomu ya manunuzi yasiyo na EFD. Muuzaji anasaini, mtendaji wa mtaa anagonga muhuri, imekwisha. Yaani siku zote hizo ipo, imelala kwenye droo ya kijana yule, hatua mbili kutoka nilipokuwa nimesimama nikitukanwa.

Nimeichukua. Mtendaji kagonga. Muuza skrepa ndiye kagoma sasa: "Dada, unataka kunipeleka TRA?" Nimembembeleza, nimemnunulia soda, kasaini huku ananiangalia kwa jicho la pembeni. Bei ya skrepa kwangu imepanda tangu siku hiyo.

Mtu akiniuliza aombe au asiombe, aombe. Fedha zipo, na mkaguzi kama yule mzee sijawahi kumwona. Ila siku ya kwanza kabisa, kabla hujanunua hata nati, idai hiyo fomu kwa jina lake, na usiondoke dirishani.

Nyota nne kwa mzee. Kwa dirisha ningetoa sifuri, lakini haipo, basi moja. Jumla weka mbili. Fomu nimeshapeleka, wanasema inashughulikiwa. Wakilipa nitarudi kuongeza nyota, wasipolipa nitarudi na jina la ofisi.