TAHADHARI: "Seramiki ya ndege" inayouzwa kwa kopo Mtwara na Lindi

Ndugu zangu wa Kusini, hasa wenye boti, jenereta na mashine za korosho: kuna jamaa anapita gereji kwa gereji akiuza makopo ya rangi ya kijivu anayoiita "seramiki ya ndege". Anadai ukipaka kwa brashi kwenye manifodi (bomba linalokusanya moshi wa injini) au ekzosti, joto halipiti kabisa, na rangi inavumilia nyuzi 1,800 za Selsiasi. Kopo la lita moja ni shilingi 120,000. Mtwara mjini kashapita, sasa nasikia yuko Lindi. Msimu wa korosho ukifunguliwa, naamini atawafuata wenye mashine za kubangulia.

Mimi ni fundi wa injini za dizeli. Nimeletewa manifodi ya boti iliyopakwa dawa hiyo. Imevimba malengelenge, ukiigusa kwa ukucha inabanduka kama magamba ya samaki, na chini yake kutu imeshaanza kula chuma. Hilo la kutu lingevumilika. Kibaya ni kwamba mwenye boti aliambiwa avue kitambaa cha kukinga joto kilichozungushiwa ekzosti, eti hakina kazi tena. Akavua. Mpira wa dizeli uliopita jirani ukalainika mpaka ukawa unabonyea kwa kidole. Boti ya faiba, watu ndani, mpira wa mafuta unakaribia kupasuka juu ya ekzosti ya moto! Huyu jamaa ataua watu.

Mjue na mchezo wake. Anapaka upande mmoja wa kipande cha chuma kinene, anaupiga moto wa gesi, kisha anashika upande wa pili kwa mkono mtupu na watu wanashangilia. Chuma kinene, hata kisipopakwa kitu, joto huchukua muda kufika upande wa pili. Mwambieni auache moto dakika kumi ndipo ashike. Na hizo nyuzi 1,800? Chuma chenyewe huyeyuka kwenye nyuzi kama 1,500, sasa rangi itabaki imeshika nini?

Seramiki za kukinga joto zipo kweli, kwenye mapanga ya tabo (sehemu inayozungushwa na gesi ya moto) za injini za ndege na za mitambo ya umeme wa gesi. Nyingi ni zirkonia (oksidi ya metali ya zirkoni) iliyochanganywa na ittria (oksidi ya metali ya itriamu), asilimia 7 au 8 kwa uzito. Zirkonia huyeyuka karibu nyuzi 2,700, lakini kwa kazi ya muda mrefu hata hiyo huanza kuharibika ikivuka nyuzi 1,200 hivi. Na haipakwi kwa brashi. Njia moja kubwa ni kuyeyusha unga wake kwa mashine ya plazima (gesi yenye joto kali mno) na kuupuliza kwa kasi juu ya chuma kilichokwaruzwa na kuwekwa kwanza tabaka la metali la kushikisha. Tabaka hilo ni la lazima, kwa sababu seramiki na chuma havitanuki sawa: kila mashine ikiwaka na kupoa vinavutana, mwisho seramiki inabanduka. Hata zile za ndege hubanduka zikichoka, sembuse rangi iliyopakwa juu ya masizi.

Halafu, panga la tabo hupozwa kwa hewa inayopita ndani yake. Bila kitu cha kupoza upande wa pili, seramiki inachelewesha joto tu, hailizuii.

Rangi halali za joto zenye silikoni zipo, nyingine hufika nyuzi 600. Kazi yake ni kuzuia kutu. Hazichukui nafasi ya kitambaa.

Kama umeshapaka, rudisha kitambaa na ukague mipira yote ya mafuta kabla boti haijaingia majini. Kopo usilitupe. Lihifadhi pamoja na ujumbe wa muamala wa simu, uende navyo polisi na TBS (Shirika la Viwango Tanzania). Na mwenye picha ya lebo ya kopo aiweke hapa chini, ili walioko Kilwa, Nachingwea na Masasi walitambue kabla hajawafikia.