Programu za kuchora na kuhariri picha: ulizia CMYK kabla ya brashi

Malalamiko yanayonifikia yanafanana: "Dada, bluu ya bango imetoka zambarau!" Mchapaji anasema faili ndilo bovu, na mara nyingi ana haki. Kioo cha kompyuta huchanganya mwanga mwekundu, wa kijani na wa bluu, yaani RGB. Mashine ya kuchapa huchanganya wino: samawati, majenta, njano na nyeusi, yaani CMYK. Ile bluu kali ya kwenye kioo, wino haziifikii.

Kwa hiyo habari za brashi leo sigusi. Programu zote hizi zina brashi ambazo hutazimaliza.

Ya kwanza ni Krita, na upendeleo wangu siufichi. Ukifungua karatasi mpya unachagua CMYK hapo hapo. Ukichora kwa RGB, bonyeza Ctrl+Y uone rangi zitakavyofifia kabla hujalipia bango. Ni ya bure, iwe Windows, macOS au Linux. Kasoro ipo: kwenye toleo la 5.2 kupanga maandishi ni mateso, mie maneno nayaweka kwingine.

Hapo kwingine ni Affinity, ya pili. Tangu Oktoba 2025 hailipiwi, ila lazima uwe na akaunti ya Canva. CMYK inaijua vizuri. Kuchora kwa mkono ndiko inakoachwa na Krita.

Procreate ni ya wenye iPad. Unalipa mara moja, lakini angalia: karatasi uliyoianza kwa RGB haigeuki CMYK.

Photoshop haina deni kwenye rangi. Deni ni lako, maana tangu 2013 Adobe walipohamia malipo ya kukodi, kazi iwepo isiwepo, dola zinakatwa.

GIMP ni ya bure, hutoa faili la CMYK, ila kuchorea ndani ya CMYK haikubali. Basi.

Sasa hawa mafundi wanaokuwekea Photoshop ya wizi kutoka kwenye flashi, wakakuchaji na kukuapia ni "orijino"! Wengine wanauza hata Krita, kitu kinachopakuliwa bure krita.org. Na wachapaji nao: ukiwaomba profaili ya rangi ya mashine yao, yaani faili linaloeleza mashine hiyo hutoa rangi vipi, wanakutazama kana kwamba umeomba funguo za duka. Ombeni hivyo hivyo. Asiyekuwa nayo, mwambieni achape kwanza kipande kidogo cha majaribio, na kama hataki, mabango yanachapwa na wengi.