Redio ya valvu kwa mzee wa 1957: nimeinunua, nimeisikiliza, haya ndiyo niliyoyaona

Nianze na zawadi iliyoshindwa, maana bila hiyo nisingefika kwenye redio. Kuna zile karatasi za rangi zinazotiwa fremu, juu umeandikwa mwaka aliozaliwa mtu, chini habari na bei za mwaka huo. Baba yangu ni wa 1957. Karatasi yake ilikuwa na Elvis Presley, magari ya Marekani yenye mapezi nyuma, bei ya galoni ya petroli kwa dola, na Sputnik, setilaiti ya kwanza duniani. Sputnik nakubali, ilirushwa tarehe 4 Oktoba na ilipita juu ya kila mtu. Lakini hayo mengine yanamhusu nini mtoto aliyezaliwa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili, Tanga? Baba aliisoma kwa adabu, akasema ahsante mwanangu, akaiegemeza juu ya friji. Nyota mbili kati ya tano, na zote mbili ni za fremu.

Ningepewa mimi niiandike, ningeweka Ghana kupata uhuru tarehe 6 Machi. Ningeweka Nyerere kupigwa marufuku kuhutubia mikutano ya hadhara, na Aga Khan kijana, imamu wa Ismailia, kutawazwa Dar es Salaam tarehe 19 Oktoba. Kwa kuwa baba ni mtu wa Coastal Union hadi kwenye mifupa, ningeweka pia Kombe la Afrika la kwanza, Khartoum, mwezi Februari: timu tatu tu zilicheza, na Misri ikaifunga Ethiopia 4-0 kwenye fainali, mabao yote ya mtu mmoja, Ad-Diba. Na ningeweka tarehe 27 Juni, siku Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilipoanza kusikika kutoka London. Hapo ndipo wazo la redio liliponijia.

Fundi niliyempata yuko Dar es Salaam, Ilala, ana kibanda kidogo kilichojaa redio hadi darini. Sitamtaja jina kwa sababu sikumwomba ruhusa. Nililipa shilingi 420,000 pamoja na kufunga na kutuma. Ni ghali, sikatai. Lakini kilichonifanya nimwamini ni kwamba alinikatisha tamaa kabla ya kupokea hela. "Dada, hii haishiki FM. Kama unataka taarifa ya habari ya saa mbili, mnunulie mzee redio ya Kichina." Muuza vitu vya kale wa kawaida asingekwambia hivyo, angekuimbia sifa za mbao na vanishi.

Redio yenyewe ni ya betri, na hili ni muhimu kwa mnunuzi kulielewa. Nyumba nyingi za Ngamiani miaka ile hazikuwa na umeme, kwa hiyo redio ya uswahilini ilikuwa ya betri kavu: volti 90 za kuendesha mtambo na volti moja na nusu za kuwashia nyuzi za valvu, vile vichupa vya kioo vinavyokuza mawimbi. Pakiti ile kubwa haipatikani tena madukani kwetu. Fundi amechonga kisanduku cha mbao, ndani amepanga betri kumi za volti 9 zikifuatana, jumla 90, na pembeni betri moja kubwa ya tochi. Valvu ni nne: DK96, DF96, DAF96 na DL96. Kila moja alikuwa ameivingirisha kwenye kitambaa chake na kuiandikia namba, na akaambatanisha mchoro wa kalamu wa kuonyesha ipi inakaa wapi. Kapasita zote za karatasi, vile vipuri vya kuhifadhi chaji, amebadilisha, na zile mbovu amenirudishia kwenye bahasha nione nimelipia nini. Kazi safi.

Mliozoea filamu, ambamo redio ya zamani inawaka polepole huku inatoa mwanga mwekundu, hapa mtasikitika. Hiyo ni ya umeme. Hii ya betri inaamka papo hapo, na nyuzi zake ni hafifu, mpaka ufunge dirisha na kubandika jicho nyuma ndipo uone kitu.

Mkaguzi halisi hakuwa baba, kwa sababu mtu hakumbuki mwaka aliozaliwa. Alikuwa dada yake, shangazi yangu mkubwa, aliyekuwa na miaka 13 mwaka 1957. Tulipomaliza shikamoo na habari za nyumbani, hakuuliza bei wala umri wa redio. Aliuliza, "Betri mpya hizo?" Nikamjibu ndiyo. "Basi izime kwanza."

Kumbe ndivyo redio ilivyotumika. Barabara nzima ilikuwa nayo moja, ya karani wa reli. Aliiwasha saa ya habari, ikiisha anaizima, maana pakiti ya betri ilikuwa inakula mshahara. Akiwa na moyo mzuri aliiweka dirishani ikitazama barazani. Wanaume mkekani, wanawake na watoto uani wakisikia kupitia ukutani, na mtoto akikohoa anafinywa. Dar es Salaam walikuwa na idhaa yao, lakini wakubwa wakitaka kusikia serikali ikisemwa vibaya walizungusha mshale hadi Cairo, iliyokuwa na matangazo ya Kiswahili tangu 1954. Shangazi anasema hapo ndipo mtoto mmoja alipelekwa nje aangalie nani anapita. Ya Nyerere hawakuyapata kwenye redio ya serikali. Yalikuja kwa mdomo, na yakifika bombani asubuhi yalikwisha kutiwa chumvi. Anakumbuka pia maduka ya Ismailia yalivyofungwa wenyewe wakienda Dar kwenye kutawazwa, na mama yake akakosa uzi wa kushonea.

Nimemwacha aongee sana kuliko redio, najua. Turudi kwenye mtambo.

Uwezo wa kushika stesheni leo ni mdogo, na kosa si la fundi. Nilitandaza waya wa mita 15 hivi kutoka dirishani hadi kwenye mwembe. Masafa ya kati mchana ni ukimya mtupu. Kwenye mita 60, masafa yaliyotengewa nchi za joto kama zetu, nilipata mvumo tu. Usiku masafa mafupi yanachangamka: BBC ya Kiingereza, Kiarabu, Kichina, Kifaransa, kila kimoja kikija na kuondoka kama wimbi la Raskazone. Mwanzoni tulisikia mkwaruzo mbaya nikadhani valvu imelegea. Nilimpigia fundi, akaniambia nizime taa za LED na kuchomoa chaja za simu. Mkwaruzo ukapotea nusu nzima. Chaja ya jirani sijui nitaichomoaje.

Ila nyuma ya redio kuna matundu mawili ya gramafoni, yaliyowekwa na kiwanda ili mwenye sahani za santuri apitishie sauti kwenye spika. Fundi amenitengenezea waya wa kuyaunganisha na simu. Hapa ndipo pesa yangu ilipopata thamani. Nilipiga Siti binti Saad, kisha Salum Abdallah na Cuban Marimba wa Morogoro. Spika ni ndogo, haina besi kabisa, lakini sauti ya mtu na fidla vinatoka mbele, vikavu, kila neno linasikika. Spika yangu ya bluetooth inazifanya nyimbo hizi zionekane zimechakaa. Kwenye redio hii zimekaa mahali pake. Bongo Fleva msijaribu. Besi inakitetemesha kisanduku na DL96 inakoroma.

Kasoro za kazi ya fundi zipo mbili. Uzi unaovuta mshale wa stesheni unateleza ukizungusha haraka, kwa hiyo mshale husema kitu kimoja na sikio kingine. Na kitambaa kipya cha mbele ya spika kinang'aa kama cha sofa la harusi. Shangazi amekitazama mara moja na kucheka, akaenda kuleta kitambaa cha kufuma cha kukifunika.

Gharama ya kuendesha msiidharau. Betri za volti 9 kumi kwa shilingi 2,500 ni 25,000, na kwa usikilizaji wetu wa saa moja na nusu hivi jioni hazifiki mbali sana baada ya mwezi. Ile ya tochi huisha mapema zaidi. Baba, ambaye kwa runinga hana breki, sasa anaizima redio mwenyewe wimbo ukiisha. Yale matukio ya kumkuta amelala huku redio inaimba hayapo.

Nyota nne. Nyumba yenye umeme wa uhakika, mwombeni awatafutie ya umeme, itawapunguzia betri. Wanaotaka ya betri kama yangu, agizeni DL96 ya akiba hapohapo, kwa sababu ndiyo inayofanya kazi ngumu, na mkitaka kuituma kwa basi mwambieni achomoe valvu zote kabla ya kufunga. Kitambaa cha spika chagueni wenyewe.