Naili au Amazon: Mto Upi Mkubwa?

Ubishi huu huzuka mara kwa mara pale Dunga, Kisumu, mbuta akiwa bado kwenye mafuta, na kwa kawaida mwenye sauti kubwa ndiye hushinda. Kwa urefu, Naili hutajwa kuwa na takriban kilomita 6,650 na Amazon 6,400, ingawa wapo wataalamu wanaopinga, kwa kuwa jibu hutegemea kijito kinachohesabiwa kuwa chanzo.

Kwa wingi wa maji hakuna mashindano. Amazon humwaga baharini zaidi ya mita za ujazo 200,000 kwa sekunde, ilhali Naili, unaokatiza jangwa huku ukinyonywa na jua na mashamba, hukadiriwa kuwa na 2,800 hivi. Meli za baharini hupanda Amazon hadi Iquitos, nchini Peru; Naili huzizuia kwa maporomoko yaliyo kati ya Khartoum na Aswan.

Kwa umeme, Naili uko mbele: bwawa la Jinja lilifunguliwa mwaka 1954 na lile kuu la Aswan likakamilika mwaka 1970, lakini mkondo mkuu wa Amazon hauna bwawa lolote.

Mwanafunzi anayeulizwa urefu aandike Naili. Anayeulizwa ujazo aandike Amazon. Anayetaka kuuona mto kwa macho yake, naye yuko Kisumu na nauli ya basi tu, apitie Busia hadi Jinja, ambako maji ya Nzoia na Nyando, yakishachanganyika ziwani, huanza safari ya kwenda Misri.