Shenili za mpira kwenye kagari kangu ka shamba: nimechukia, ila sizitoi

Nianze na fundi aliyenifungia hizi shenili, ile mikanda mipana ya mpira inayokaa mahali pa magurudumu, maana ndiye aliyenichafua roho. Nilimwuliza swali moja tu: "Papa, huu mkono wa kuzuia shenili isipinduke, umeukaza?" Akanitazama, akamgeukia dereva wangu, akamjibu yeye: "Mwambie mama akapumzike, hii si sufuria."

Sufuria! Kagari ni kangu, shamba langu, dola zimetoka mkobani mwangu, na jibu anapewa kijana ninayemlipa mimi.

Siku ya pili, au ya tatu, mvua zikiwa zimeshika kweli, tuliacha barabara ya Kasenga tukaingia shambani. Kwenye kichuguu, tena kidogo tu, shenili ya mbele kushoto iliinua pua kama ng'ombe anayekataa kamba, ikagonga bodi. Kijana akaingia chini, akapapasa, akatoka na nati kiganjani. Ameifungua kwa vidole viwili, bila ufunguo. Ni ya ule ule mkono niliouulizia.

Nikampigia fundi. "Ah mama, hizo zinakazwa upya baada ya saa chache za kwanza, kila mtu anajua." Kila mtu, isipokuwa mwenye sufuria! Mdomo alikuwa ameuweka wapi siku ile?

Kwa hiyo msinunue. Usukani umekuwa mzito, jioni mabega yananiwaka. Mafuta kanakunywa kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Mita inasema 40, kumbe mwendo wenyewe ni mdogo zaidi, baiskeli zilizobeba makala ya kupikia zinatupita kwenye mteremko. Kwenye lami ndiyo usithubutu: mpira unapata moto, unalika.

Lakini juzi trakta ya jirani ilizama kwenye dembo, lile bonde la majani na tope, mpaka ekseli. Sisi tukapita kando yake na mifuko sita ya mbolea, polepole, tope likilia tu chini yetu. Nilishuka kutazama alama tulizoacha: hazikufika hata kwenye kifundo cha mguu wangu. Jirani amesimama na koleo. Nikampungia mkono. Mara mbili, niseme ukweli.

Haya, mwenye dembo anunue. Ila akaze mwenyewe! Ufunguo wangu unalala chini ya kiti, na kila asubuhi napiga magoti kabla ya kuwasha, kijana ameshika tochi.

Fundi amepiga simu jana kuuliza kama nimeridhika. Nilimpa kijana simu, amjibu yeye.